Tano Iliyoota Got Rabuor

Risper Aluoch alipoolewa kutoka Kisegi kuja Got Rabuor, upande wa Migori, washenga walimweleza kila kitu kuhusu bwana harusi: kwamba Zedekia ana ng'ombe wanne, kwamba hanywi, na kwamba mama yake ni mpole. Mambo mawili kati ya hayo yalikuwa kweli. Kilima hawakukitaja.

Kilima chenyewe si cha Mungu. Zamani wageni walichimba shaba na dhahabu pale, wakayasaga mawe, wakachukua walichokitaka, na unga uliobaki wakaumwaga nyuma ya mgodi mwaka baada ya mwaka mpaka ukawa mlima mdogo wa rangi ya simba. Mgodi ulipofungwa miaka ya sitini waliondoka na mashine, na vitanda, na hata mabati ya choo. Kilima walituachia. Watu wakarimu sana.

Juu yake hakikuota kitu. Mvua ikinyesha, unga ule uliteremka hadi kijitoni. Jua likiwaka, upepo wa Januari uliupandisha na kutugawia nyumba kwa nyumba bila ubaguzi. Mimi nilikuwa nikifundisha darasa la sita katika shule ya hapo chini, na nilikuwa nafuta ubao kabla sijaandika chochote. Risper naye, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kutoka kilimani, alijifunza kupika huku sufuria imefunikwa, kuanika nguo alfajiri na kuzianua kabla ya saa nne, na kutambua kwa kikohozi tu ni mtoto yupi aliyeamka. Wanawake wa pale walimwita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, na walipenda kumuuliza kama kwao ziwani kuna hewa nzuri namna hii.

Mwaka 1993 msaada ukafika. Uliitwa Mradi wa Kurudisha Kijani, ulikuwa na wafadhili ng'ambo, na ofisi yake ilikuwa Homa Bay. Kilima kiko Migori, lakini wilaya ilikuwa imegawanywa juzijuzi tu wakati barua za mradi ziko njiani, na mafaili, yakishapata kabati zuri, hayapendi kuhama. Kwa hiyo kilima chetu kikawa kinatunzwa na watu waliokiona mara mbili kwa mwezi, barabara ya Rongo ikiwaruhusu.

Kitu cha kwanza walichopanda kilikuwa kibao. Kilishika vizuri. Baada ya kibao walipanda mikaratusi, mivinje na migrivilea, maelfu kwa maelfu, kwenye mistari iliyonyooka kama ya wanafunzi paredini. Mipaka ya mradi iliwekwa alama kwa mawe makubwa yaliyopakwa chokaa. Mkuu wa mradi, Bwana Gichana, mtu wa Kisii aliyevaa viatu vya kung'aa hata mlimani, alitutangazia kwenye baraza la chifu kwamba katika miaka mitano tutakuwa na msitu, na kwamba tusianze kugombania kuni mapema.

Miche mingi ilikufa kabla ya Krismasi. Hapo ndipo walipohitaji mtu wa kuihesabu.

Wafadhili walikuwa wameagiza kwamba tathmini ifanywe na wanajamii, na kwamba wanajamii hao wawe wanawake. Bwana Gichana akaja na meza, akaiweka chini ya kibao, akawasaili wanawake kumi na wawili. Zamu ya Risper ilipofika alimuuliza:

"Mama, unajua kuhesabu?"

"Najua."

"Hebu hesabu mpaka mia nisikie."

Risper akaanza. Alipofika arobaini na tatu Bwana Gichana alifunga kalamu. "Inatosha, mama. Umepita."

"Bado sijafika."

"Nimesema inatosha."

"Ulisema mia," Risper akasema, akaendelea na arobaini na nne. Kwenye sabini Gichana alitazama saa yake. Kwenye mia Risper alishukuru, akaketi. Mtu mwenye macho angeiona hatari yote hapo hapo mezani, lakini Gichana alikuwa na haraka ya kurudi Homa Bay, na mwanamke aliyejua kuhesabu alikuwa amepatikana.

Kazi ilikuwa hivi. Alipewa fremu ya mbao, mita moja kila upande, iliyofungwa nyuzi kumi za kwenda na kumi za kukatiza, hata ikawa na vyumba mia vidogo. Alitakiwa atembee kilimani, afunge macho, aitupe fremu nyuma ya bega lake. Popote ilipoangukia alihesabu ni vyumba vingapi vina kitu kibichi ndani yake. Vyumba tisa vikiwa na kijani, hiyo ni asilimia tisa. Hata mimi niliyekuwa nikifundisha hesabu nilikubali kwamba mtu aliyebuni jambo lile alikuwa na akili. Hakujua tu kwamba Risper atalifanya vile lilivyoandikwa.

Mwenzake wa kazi alikuwa Nyamoita, mwanamke wa Kikuria kutoka pande za Isebania, aliyeolewa na fundi wa baiskeli pale sokoni. Nyamoita alikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo alipewa daftari na penseli. Risper anatupa, anahesabu, anataja, Nyamoita anaandika. Waliongea Kiswahili, kwa kuwa Nyamoita hakujua Kijaluo zaidi ya salamu na matusi matatu, na Risper hakujua Kikuria hata cha matusi.

Siku ya kwanza walitupa mara arobaini. Sifuri, sifuri, nne, sifuri, thelathini mahali mvinje mmoja ulipokuwa umejitahidi, sifuri. Walipojumlisha na kugawanya wakapata tisa.

Bwana Gichana alisoma daftari akiwa amesimama kando ya gari.

"Hii fremu inaanguka vibaya," alisema.

"Inaanguka chini," Risper akajibu.

"Mama, ninamaanisha unaitupa kwa hasira. Inaenda mbali. Wewe itupe pole pole, huku, karibu na hii miti yenye afya."

"Si uliniambia nifunge macho, afande?"

"Funga macho, sawa. Lakini kwanza angalia vizuri mahali unaenda kufungia."

Risper alirudi kilimani, akafunga macho, akatupa mara arobaini nyingine. Walipata nane. Nyamoita aliandika nane, na mwandiko wake ulikuwa safi kabisa.

Mambo yaliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Kila miezi mitatu wanawake wale walipanda kilimani na fremu yao, wakateremka na tisa, au nane, mara moja kumi na moja baada ya mvua nzuri. Kila mara Gichana aliichukua karatasi, akashukuru, akaondoka. Risper alifikiri, kwa unyofu wa mtu aliyelelewa vizuri, kwamba wakubwa wakiona tisa watashtuka na kubadilisha mbinu. Alisubiri wabadilishe. Walibadilisha kibao, kwa sababu rangi ilikuwa imeliwa na vumbi.

Mwezi Februari 1995 kukawa na semina ya siku mbili Homa Bay, katika ukumbi wa hoteli unaotazama ziwa. Risper alialikwa kama mwakilishi wa jamii. Aliazima viatu kwa mke wa mchungaji, akapanda gari la mradi, akaketishwa mstari wa tatu, na mezani mbele yake paliwekwa chupa ya maji na karatasi ya kuandikia. Aliniambia baadaye kwamba alifurahi. Hakuona haya kusema. Alikuwa hajawahi kuketi mahali ambapo mtu anamwekea maji kabla hajayaomba.

Bwana Gichana alisimama mbele, akafungua chati iliyochorwa kwa kalamu za rangi. Palikuwa na kilima, na juu ya kilima mstari unaopanda.

"Tathmini yetu shirikishi," alisema, "iliyofanywa na akina mama wenyewe, inaonyesha kwamba kijani kimefikia asilimia hamsini na tisa."

Watu walipiga makofi. Jirani wa Risper, bwana mmoja wa ofisi ya kilimo, alimpa mkono wa pongezi.

Risper alitazama ile chati, mahali palipoandikwa 59: tano, kisha tisa. Tisa alimfahamu, huyo alikuwa wake. Alikuwa amemleta yeye mwenyewe kutoka kilimani. Huyu tano aliyesimama mbele ya tisa ndiye hakumjua. Akainua mkono.

"Ndiyo, mwakilishi wa jamii," mwenyekiti akasema, akitabasamu kwa ajili ya picha.

Risper akasimama na viatu vyake vya kuazima. "Mimi ndiye nilihesabu. Nilihesabu tisa. Hiyo tano imeota wapi?"

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Halafu mtu fulani nyuma akakohoa, na kikohozi kile kikaambukiza. Gichana aliiangalia chati kama mtu anayeona nyoka kwenye kitanda cha mgeni.

"Swali zuri sana," mwenyekiti alisema. "Maswali yote mazuri tutayajibu baada ya chakula."

Chakula kilikuwa samaki mzima kwa kila mtu, na ugali, na soda. Baada ya chakula ratiba ilikuwa imebadilika. Paliingia mada ya umuhimu wa uwazi katika miradi, ikaendelea mpaka saa kumi. Risper alikaa na swali lake hadi gari likaja kumrudisha. Njia nzima dereva hakumwambia neno, isipokuwa walipofika Rongo, aliposimama kununua ndizi. Alimpa tatu, akasema, "Mama, wewe ni mwanaume." Alikuwa anamsifu.

Nyumbani Zedekia hakusifu. "Umepewa maji ya chupa," alisema, "umepewa samaki, na bado umeuliza."

"Nilihesabu tisa, Wuon Awuor," Risper akajibu, akimwita baba Awuor kama kawaida.

"Na mimi nimesikia. Kila mtu kutoka hapa mpaka Kendu Bay amesikia."

Wiki iliyofuata Risper alipandishwa cheo. Barua ilisema hivyo: kutokana na mchango wake mkubwa, sasa ni Msimamizi wa Palizi. Fremu ikapewa binamu ya katibu wa mradi, aliyekuwa na mkono laini na shabaha nzuri. Mahali palipokuwa na mti hai mmoja, fremu yake ilipaona kutoka mbali. Nyamoita alibaki na daftari. Alikuja kwa Risper jioni ile ile na kuketi jikoni mpaka chai ikapoa.

"Ungeniambia kama ulijua," Risper akasema.

"Mimi naandika tisa. Karatasi ikienda Homa Bay inazaa."

"Na unaendelea kuandika?"

"Dada, nina watoto watano na mume wa kuziba pancha. Wewe uliza maswali. Mimi nitaandika."

Risper hakumlaumu, ingawa alikasirika siku mbili au tatu, na chai ya Nyamoita ilikosa sukari kwa muda.

Sasa hiyo palizi. Ninaieleza taratibu kwa sababu nikiieleza haraka watu hudhani ninatia chumvi.

Katikati ya mistari ya miche iliyokauka kulikuwa kumeanza kuingia nyasi. Hakuna aliyeipanda. Ilikuwa modhno, nyasi ile fupi inayotambaa na ambayo kila mkulima wa Kijaluo ameilaani shambani tangu azaliwe, maana ukiing'oa leo inarudi kesho na ndugu zake. Ilikuwa imetambaa kutoka njia ya ng'ombe, mahali kinyesi kilipodondoka, ikapanda kilimani kidogo kidogo na kuushika ule unga wa mgodi ambao mikaratusi ya semina ilikuwa imeushindwa. Lakini fomu ya mradi ilikuwa na sehemu tatu tu: mkaratusi, mvinje, mgrivilea. Nyasi haikuwa na mahali pa kuandikwa. Kitu kisicho na mahali kwenye fomu huitwa gugu. Kazi ya Risper, pamoja na wanawake sita chini yake, ilikuwa kuling'oa gugu hilo ili miche iliyokufa isisumbuliwe.

"Hii ndiyo kitu pekee inaishi hapa," Risper alimwambia Gichana.

"Inachafua matokeo, mama."

Alikuwa mfanyakazi, akang'oa. Lakini hakuna barua iliyosema magugu yapelekwe wapi. Aliyatia kwenye gunia, akayabeba mgongoni, akateremka nayo nyumbani. Nyuma ya jiko lake, nje kabisa ya mawe yale ya chokaa, mteremko wa kilima ulishuka mpaka karibu na ukuta. Hapo ndipo vumbi lote la nyumba yake lilipotoka. Risper alichota samadi ya boma kwa karai, akaimwaga juu ya ule unga, akachimba mifereji ya kina cha kiganja, akaipanda modhno mizizi kwa mizizi. Kesho yake akafanya hivyo tena. Ofisi ikimwagiza ang'oe gunia moja, alipanda gunia moja. Zedekia alimtazama kwa wiki nzima, kisha akauliza kama ana akili timamu, kwa sababu samadi ile alikuwa ameitengea mahindi.

"Mahindi yako yanakula vumbi kama sisi," Risper alimwambia. "Kama hutaki, nisaidie kubeba."

Hakubeba. Lakini baada ya siku chache hakuuliza tena habari za samadi, na kwa Zedekia huo ulikuwa mchango.

Msimu wa kwanza ilishika nusu. Akapanda upya palipokufa. Mvua za vuli zikaja. Kufikia katikati ya mwaka 1996 mteremko ule ulikuwa umefunikwa kama zulia, kipande kikubwa kama uwanja wetu wa mpira wa shule, na nyumba yake ikawa nyumba ambayo wanawake walipitia wakijifanya kuomba chumvi, ili wauone. Mimi mwenyewe nilikwenda na wanafunzi wangu. Tulisimama pale tukaona upepo unapita na haubebi kitu.

Mwaka ule ule wafadhili walituma mtaalamu wa nje kuja kutathmini mafanikio. Jina lake Daktari Ahmednur, mtaalamu wa mimea kutoka Nairobi, mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani. Habari zake zilifika wiki mbili kabla yake. Gichana alipanda kilimani na kushuka, akapanda na kushuka, viatu vikipoteza mng'aro. Kila alipoangalia aliona vijiti. Halafu akaangalia upande wa nyumba ya Risper.

Asubuhi moja kabla ya mgeni kufika, vibarua wanne wakiongozwa na katibu walikuja wakang'oa mawe ya mpaka upande ule na kuyapanga upya chini, karibu na jiko la Risper. Modhno yote ikawa ndani. Walipaka chokaa mbichi, wakaweka na kibao kidogo: KITALU CHA MFANO. Risper alikuwa ameenda mtoni. Aliporudi na ndoo kichwani akakuta ameshaingia kwenye mradi.

"Hapa ni kwangu," alimwambia mlinzi aliyewekwa pale, kijana wa pale kijijini aliyemjua tangu alipokuwa akiendesha gurudumu kwa fimbo.

"Nyar Kisegi, mimi nimepewa rungu tu. Ukikata hata jani wataniuliza."

Daktari Ahmednur alifika asubuhi ile ile, saa tatu. Alionyeshwa kitalu cha mfano kwanza. Alikuwa na fremu yake mwenyewe, ya chuma, na alifunga macho kweli. Themanini na nne. Tisini. Themanini na saba. Gichana alikuwa akitikisa kichwa kila mara kwa unyenyekevu, kama mama wa mtoto aliyeshika namba moja.

"Hii nyasi haiko kwenye mpango wenu," Ahmednur alisema, akipekua makaratasi.

"Ni ubunifu wa kitaalamu, Daktari. Tuliona tuongeze."

Ahmednur alichuchumaa, akachimbua kwa kidole. "Na hii samadi?"

"Mbolea hai. Imefanyiwa utafiti."

Wakati huo Risper alitoka jikoni na panga na kamba, kama alivyofanya kila siku saa hizo, maana alikuwa na ndama aliyefungwa nyuma ya nyumba na ndama hajui semina. Mlinzi akamziba njia. Risper akasimama hatua mbili kutoka kwake, akaongea kwa sauti ya kusikika kilima kizima.

"Sasa hata majani ya ndama wangu nimwombe nani?"

"Ni jirani tu," Gichana akaeleza haraka. "Ana matatizo kidogo na mradi. Tuendelee upande wa juu, Daktari?"

Lakini Ahmednur alikuwa ameshavua kofia. "Habari ya asubuhi, mama. Haya majani unayajua?"

"Nayajua moja moja. Mimi ndiye niliyapanda."

Gichana alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi.

"Mama, samahani, lazima niulize," Ahmednur akasema. "Nitajuaje?"

Risper aliweka panga chini, akapanda mteremko mpaka ukingo wa juu wa nyasi, akainama, akaitenganisha modhno kwa mikono miwili. Pale chini palikuwa na duara tupu la manjano, kubwa kama sinia, limezungukwa na chokaa ya zamani iliyochuruzika. Akasogea hatua ishirini, akafunua lingine. Halafu lingine. Yalikuwa yamepangika mstari mmoja, mahali mawe yalipokaa miaka mitatu bila kuruhusu kitu kuota chini yake. Alisimama kwenye la tatu, akanyoosha mkono.

"Kutoka hapa kwenda juu ni yenu. Kuna vijiti. Kutoka hapa kwenda kwa mlango wangu ni mimi."

Ahmednur alitoa futi ya kamba, akapima kila kitu, akaandika. Hakumwambia Gichana neno lolote baya. Alimuuliza tu kama ana chochote cha kuongeza, na Gichana, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakuwa na cha kuongeza. Kisha daktari akapanda juu kabisa peke yake, na huko fremu yake ikapata sita.

Kabla ya kuondoka aliketi nje ya jiko la Risper akanywa chai. Akauliza nyasi inaliwa na nani.

"Ndama. Na kondoo wawili."

Akaweka kikombe chini. "Mama, nitakwambia kitu hutakipenda. Ule unga una shaba nyingi, na vitu vingine vibaya. Nyasi inaweza kuvivuta. Naomba nichukue kidogo nikaipime. Mpaka nikuandikie, usiwape mifugo, hasa kondoo."

"Miaka yote tumeula huo unga kwa ugali. Hakuna mtu alikuja kutupima."

"Najua," Ahmednur akasema, na nadhani alijua kweli, maana hakumaliza chai yake.

Barua yake ilikuja baada ya miezi minane, na nilimsomea mimi. Ilikuwa kama alivyohofia: kondoo wasiguse, ng'ombe wapewe mara chache na wachanganyiwe majani ya mahali pengine. Kondoo mmoja alikuwa ameshakufa kwa wakati huo. Risper aliikunja barua. Nyasi ile alikuwa ameipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokifanya mwenyewe, na sasa aliambiwa kwamba ni nzuri lakini haina adabu.

"Kwa hiyo umepanda nyasi ya kuangalia," Zedekia akasema.

"Ndiyo," Risper akajibu. "Iangalie."

Ndama akaanza kulishwa majani ya kando ya mto, mbali, na aliyetumwa kuyakata ni Zedekia.

Ripoti ya Ahmednur ilikuwa ya kurasa sitini, ya haki tupu. Wafadhili walipoisoma walifanya jambo la maana kabisa: waliufunga mradi. Risper akapoteza kazi, Nyamoita akapoteza daftari, mlinzi akarudisha rungu. Bwana Gichana hakupoteza chochote. Alihamishiwa ziwani, kwenye kampeni ya kupambana na magugu maji, ambayo miaka ile yalikuwa yameziba ghuba yote ya Homa Bay hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Mtu aliyeshindwa kuotesha hata jani kwa miaka mitatu alipelekwa kuzuia mmea usioweza kuacha kuota. Tulimtakia heri. Nasikia ripoti yake ya kwanza ilionyesha magugu yamepungua kwa asilimia hamsini na tisa.

Mwishoni mwa mwaka 1997 ikaja mvua ya El Nino. Ilinyesha hata tukasahau rangi ya jua. Mistari ya mikaratusi iliteremka kilimani na matuta yake, ikaingia kijitoni, ikaziba daraja. Shule ilifungwa wiki tatu. Asubuhi moja nilipanda na mwavuli kwenda kwa Risper, nikiwa na hofu ya kukuta nyumba imezikwa, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza chini ya mlima. Nilimkuta nyuma ya jiko amejifunika gunia la plastiki, miguu wazi, anatazama maji yakiteremka juu ya modhno yakiwa meupe. Meupe, si ya rangi ya simba. Hakuniona. Alikuwa akilia, au ilikuwa mvua, sikumuuliza.

Mvua zilipoisha wanawake wa upande wa pili wa kilima walikuja kuomba mizizi. Risper hakukataa, lakini alikuwa na sharti: kila gunia la mizizi, mtu aonyeshe kwanza magunia mawili ya samadi bomani kwake. Na kila mmoja alipewa onyo lile la kondoo, apende asipende. Wengine walinung'unika kwamba Nyar Kisegi amekuwa serikali. Walipanda hata hivyo. Mwaka 1999, nilipohamishwa shule, theluthi ya kilima ilikuwa imefunikwa, na iliyobaki ilikuwa inaendelea na tabia zake.

Wiki niliyoondoka nilipita kuaga, nikamkuta Nyamoita ameketi jikoni. Alikuwa amerudi kwao, karibu na mpaka, ambako vijana walikuwa wakichimba dhahabu kwa mitarimbo na kuacha mashimo na vifusi kila mahali. Alikuja kuchukua mizizi. Alikuwa na magunia manne, na mume wake nje akiyafunga kwenye baiskeli mbili.

"Huko kwetu hakuna mradi bado," aliniambia.

"Basi fanyeni haraka," Risper akamwambia, "kabla hawajafika."

Wakacheka mpaka Nyamoita akashika ukuta. Kisha Risper akamwongezea gunia la tano, akamsukumia baiskeli mpaka barabarani.